Sauti Iliyobaki Stesheni

Kituo cha Embankment kiko London, kando ya mto Thames, na mojawapo ya majukwaa yake ya chini ya ardhi limepinda. Njia ya reli ya jukwaa hilo ilipofikishwa pale mwaka 1914, treni zilizunguka kwenye kitanzi chini ya ardhi kisha zikarudi zilikotoka, na jukwaa likajengwa kwenye kona ya kitanzi hicho. Baadaye reli ilisogezwa mbele, sehemu kubwa ya kitanzi ikaachwa, lakini kona ile ikabaki na jukwaa lake. Behewa ni refu na limenyooka. Ukilisimamisha kwenye ukingo uliopinda, lazima mwanya utokee kati ya mlango na jukwaa, mwanya unaoweza kumeza mguu. Huwezi kuuziba bila kukijenga upya kituo, kwa hiyo kinachobaki ni kuwaonya abiria.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kazi hiyo ya kuonya ilianza kukabidhiwa mashine. Vifaa vya kuhifadhi sauti vilikuwa ghali mno enzi hizo, na ndiyo maana onyo lilifupishwa hadi maneno matatu ya Kiingereza yanayomtaka abiria auangalie ule mwanya. Waliolirekodi kwa nyakati tofauti ni watu kadhaa. Kwenye njia ya Northern, sauti iliyosikika miaka nenda miaka rudi ilikuwa ya Oswald Laurence, mwigizaji aliyepitia chuo cha sanaa za maonyesho na kuonekana kwenye filamu kadhaa bila jina lake kuvuma. Maneno yale matatu yalisikiwa na watu wengi kuliko chochote alichowahi kukisema mbele ya kamera.

Laurence alifariki mwaka 2007. Mkewe, ambaye ni daktari, akabaki. Katika miaka iliyofuata mjane huyu alipokuwa akipita Embankment alikuwa akiketi jukwaani na kungoja treni, ili amsikie mumewe. Treni ikiondoka, wakati mwingine aliiacha iende, akangoja inayofuata. Kufikia hapo sauti ile ilikuwa imekwisha kuondolewa kituo baada ya kituo kadiri mifumo ilivyobadilishwa, na Embankment ndipo mahali pa mwisho ilipobaki. Novemba 2012 alifika akasikia mtu mwingine. Mfumo mpya wa kidijitali ulikuwa umefungwa. Alipouliza, wahusika wa reli waliitafuta rekodi, wakampa nakala aende nayo nyumbani, kisha mwaka 2013 wakairudisha sauti yenyewe mahali pake, kwenye jukwaa lile lililopinda.

Sisi wasikilizaji wa Kiswahili tuna ujirani na kona ile ya London, hata kama wengi wetu hatujakanyaga huko. Mwendo mfupi kwa miguu kutoka Embankment lipo jengo la Bush House, ambamo Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza matangazo yake Juni 1957, iliketi kwa miongo mingi. Sauti za watangazaji walioingia na kutoka kwenye mitaa ile zilikuwa zikiwasili jioni barazani Lamu, Ujiji, Bukavu na Muscat, na watu walinyamaza kuzisikiliza. Idhaa ya Dunia ya BBC ililihama jengo hilo Julai 2012, miezi michache tu kabla sauti ya Laurence haijazimwa. Hayo mawili yalikutana kwa bahati. Lakini ninapofikiri juu ya mwaka ule, naona sauti nyingi zikihamishwa kwa wakati mmoja, nyingine zikiingia kwenye maghala ya kumbukumbu, nyingine zikipotea kabisa, na mitaa yenyewe ikiendelea na shughuli zake.

Kisa cha Embankment husimuliwa kama hadithi ya mapenzi, na ni hadithi ya mapenzi kweli. Ila kila ninapokirudia nasimama kwenye jambo moja ambalo wasimulizi hulipita haraka. Sauti ile haikuwa ikimsemesha mjane. Ilimsemesha kijana aliyechelewa kazini, mtalii anayeburuta sanduku, mama mwenye kigari cha mtoto. Haikuwa na habari kwamba mke wa mwenye sauti yuko kwenye benchi. Isingeweza kumwita, wala kumuuliza amelalaje. Na mimi naamini faraja ilitoka hapo hapo. Alipoketi pale alimkuta mumewe angali kazini, anawaangalia watu wasiomjua, mtu baada ya mtu, asubuhi hadi usiku wa manane. Alichokifuata ni kuthibitisha kwamba mumewe bado anafaa. Mtu aliyewahi kufiwa anajua jinsi ulimwengu unavyomsahau marehemu wake kwa kasi: kiti chake ofisini kinapata mkaaji mwingine ndani ya wiki, zamu yake kwenye mchezo wa kupeana inajazwa. Halafu fikiria kuna mahali pamoja duniani ambapo ulimwengu huo huo unaendelea kumhitaji kila dakika chache.

Kwetu pwani mtoto hufundishwa tangu madrasa kwamba mtu akifa amali zake hukatika, isipokuwa mambo machache, na la kwanza ni sadaka inayoendelea. Mfano unaopewa daima ni kisima. Aliyekichimba yuko kaburini, jina lake limesahaulika, na binti anayeteka maji leo hana haja ya kulijua, maji yanatosha. Laurence hakuwa wa kwetu, na simpachiki imani ambayo si mimi wa kumpa. Lakini nikitafuta katika malezi yangu kitu kinachofanana na onyo lile, sikioni kingine. Alitoa maneno matatu mara moja ndani ya studio, yakawekwa mahali penye hatari, na miguu ya watu wasiohesabika ikapita salama.

Nimeishi na swali la sauti na mahali tangu utotoni. Nilikulia Ngamiani, Tanga, na msikiti wa mtaa wetu ulikuwa na mwadhini mzee ambaye watu wote walimjua kwa kikohozi. Kabla ya adhana ya alfajiri aliwasha maiki, akaigonga kwa kidole, akakohoa, halafu akaanza. Mama zetu waliamka kwa kikohozi, si kwa adhana. Adhana iliwakuta wameshaweka maji jikoni. Majirani Wakristo nao walimtumia kama saa. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyeishi nyuma yetu, mtu wa Kanisa la Kiinjili, aliwaamsha wanawe wakati mzee akifika katikati. Spika mbili za bati juu ya paa ndizo zilizompeleka mzee yule hadi vyumbani mwetu, na kwa sababu hiyo sioni kama kuchanganyika kwa mitambo na makazi ya watu ni jambo la karne hii. Sisi tulizaliwa tukakuta ukuta unasema.

Mzee alipofariki, alfajiri iliyofuata aliadhini kijana. Sauti yake ilikuwa nyembamba na yenye haraka. Nasikia mpaka leo jinsi nyumba zilivyokuwa kimya baada ya pale, na jinsi bibi mmoja wa upande wa pili wa uchochoro alivyolia kwa sauti, ingawa kwenye maziko jana yake alikuwa amejikaza. Kumbe wapo watu ambao kifo huwafikia kwa masikio.

Baada ya siku chache kijana mwingine, fundi wa redio, alikwenda kwa imamu na pendekezo. Alikuwa amemrekodi mzee kwenye kaseti wakati wa Ramadhani moja, na rekodi ilikuwa safi. Kwa nini isiunganishwe na amplifaya, mtaa ukaendelea kumsikia? Imamu alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akakataa. Alieleza kwamba adhana ni ibada, inataka mtu aliye hai mwenye nia, aliyesimama akaelekea kibla. Ndivyo wanavyosema wanazuoni wengi. Kaseti ilikwenda kwa watoto wa marehemu. Kijana mwenye sauti nyembamba akaendelea, na kwa miaka mingi sauti ikajaa, hadi watoto waliozaliwa baadaye wakawa hawamjui mwadhini mwingine.

Nimezilinganisha hukumu hizi mbili mara nyingi. Pale Ngamiani tulikataa sauti ya marehemu isirudi spikani, na nadhani tulifanya sawa. Pale Embankment waliirudisha, na nadhani nao walifanya sawa. Tofauti iko kwenye aina ya kazi. Ipo kazi ambayo lazima irithiwe na aliye hai, na kuizuia isirithiwe ni kumnyima kijana nafasi ya kukua, na kuunyima mtaa nafasi ya kuomboleza mpaka umalize. Kama kaseti ingekubaliwa, yule bibi asingelia alfajiri ile. Angelilia lini? Onyo la mwanya ni kazi ya namna nyingine. Halihitaji nia, halihitaji mrithi, linahitaji tu kusikika. Hapo marehemu anaweza kuachwa aendelee bila kumzuia yeyote. Kinachoziunganisha hukumu zote mbili ni kwamba hakuna aliyemtaka marehemu awe wake peke yake.

Na hapo ndipo ninapoanza kuogopa zama hizi.

Mama yangu alipofariki, tulifanya kama inavyofanywa. Hitima ikasomwa, arobaini ikapita, nguo zake zikagawiwa: kanga kwa shangazi na wapwa, buibui kwa jirani aliyemuuguza. Simu alipewa mdogo wangu wa mwisho. Laini yake hatukuigusa. Hatukujua tuifanyie nini, maana hakuna shekhe wala mzee aliyewahi kutufundisha namna ya kuirithi namba. Nikabaki na jina lake kwenye simu yangu, na picha yake ndogo ya duara, amevaa mtandio wa kijani siku ya harusi ya binamu. Nilipopiga, yule dada wa kwenye rekodi alinijibu kwa utulivu kwamba ninayempigia hapatikani kwa sasa. Wengi wetu Afrika Mashariki tunamjua dada huyu. Mama alipokuwa hai, nilipomsikia dada huyo nilikata simu kwa hasira. Baada ya hapo nilimsikiliza mpaka mwisho.

Namba isiyotumika kwa muda hurudi kwa kampuni, ikapewa mteja mwingine. Ndivyo ilivyokuwa kwa namba ya mama. Jioni moja nikafungua simu nikakuta kwenye duara, chini ya neno Mama, kijana mwenye miwani ya jua ameegemea bodaboda. Sikumchukia. Ana haki yake, amenunua laini dukani. Lakini niliketi nikatetemeka, kwa kuwa mahali pa mama palikuwa pamepangishwa bila mtu yeyote kubisha hodi.

Nilibaki na ujumbe wake wa sauti, ule wa kawaida: mwanangu umefika, mwanangu usisahau kumpigia mjomba wako, mwanangu dawa zimekwisha. Upo mfukoni mwangu muda wote. Nikiwa kwenye foleni, nikiwa kwenye daladala, nikiwa kitandani, naweza kumsikia wakati wowote. Nami siusikilizi. Nimejiuliza kwa nini, wakati mjane wa London alisafiri kwa ajili ya maneno matatu tu. Jibu ninaloweza kulitoa ni kwamba Embankment ni mahali. Unakwenda, unakaa, unangoja, unasikia, unaondoka, na ukiondoka unaiacha sauti pale. Huzuni ilipata anwani. Ya kwangu haina anwani, inatembea nami, na kitu kinachotembea nawe kila mahali hakikupi safari ya kukiendea wala ruhusa ya kukiacha.

Mmoja wa watu walioota mapema kuhusu ulimwengu huu tunaoishi, wenye mashine kila mahali, alikuwa Mark Weiser, mwanasayansi wa maabara ya Xerox PARC, Palo Alto, California. Mwaka 1991 aliandika makala katika jarida la Scientific American akieleza kompyuta za karne ijayo. Aliona zitakuwa nyingi, za ukubwa tofauti, nyingine za kushika kwa vidole viwili, nyingine za kutundikwa ukutani kama ubao, na zitazama ndani ya vyumba na vitu hadi mtu asizitambue tena. Alitaka mashine itulie pembeni ya maisha, isimvute mtu shati. Katikati ya miaka ya 1990 msanii Natalie Jeremijenko alitundika pale pale maabara uzi wa plastiki wenye urefu wa takriban mita mbili na nusu, ukining'inia kutoka darini kwenye mota ndogo iliyounganishwa na waya wa mtandao. Mawasiliano yakiwa machache uzi ulitikisika kidogo. Yakizidi ulizunguka kwa kasi na kuvuma. Watu waliopita kwenye ushoroba walijua hali ya mtandao bila kuangalia kioo chochote.

Weiser alifariki mwaka 1999 akiwa na miaka 46. Hakuwahi kuiona simu ya mkononi ikigeuka kuwa kioo cha kila kitu. Kwa macho yangu, jukwaa la Embankment lilikuwa karibu zaidi na ndoto yake kuliko vingi vilivyotengenezwa kwa jina lake: mashine iko ukutani, inasema panapostahili, inanyamaza, na haikujui. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyotupwa. Mashine zilizofuata zilitaka kutujua. Zilitaka kujua tuko wapi, tumempoteza nani, tunamkumbuka saa ngapi, na kwa upole mkubwa zikajitolea kutusaidia.

Juni 2022, kwenye mkutano wa Amazon uliofanyika Las Vegas, mwanasayansi mkuu wa Alexa, msaidizi wa sauti wa kampuni hiyo, Rohit Prasad, alionyesha video ya mtoto akiiomba spika janja marehemu bibi yake amalizie kumsomea kitabu. Spika ikabadilisha sauti, ikaanza kusoma kwa sauti ya bibi. Ilielezwa kwamba mfumo ungeweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikia rekodi isiyofika dakika moja. Miaka miwili kabla ya hapo, Februari 2020, televisheni ya MBC ya Korea Kusini ilimwonyesha mama aliyefiwa na binti yake wa miaka saba. Alivishwa miwani ya uhalisia pepe na glavu, akasimama kwenye chumba kitupu cha kijani, na mbele yake akatokea mtoto aliyeundwa na kompyuta. Mama alinyoosha mikono kumpapasa, akapapasa hewa.

Simlaumu mama yule. Yeyote aliyewahi kuingia chumba cha mtoto aliyekufa hawezi kumlaumu, na kama angekuwa dada yangu ningemshika mkono hadi mlango wa studio. Wala sidhani waliotengeneza walikuwa na nia mbaya. Lakini ninaiangalia ile nafasi tupu ya kijani na kujiuliza marehemu anapata nini. Kule stesheni alikuwa mtoaji. Hapa amefanywa wa kutolewa. Anaitwa aje kutuliza uchungu wetu, aseme tunachotaka kusikia, kisha azimwe.

Halafu kuna maneno yenyewe. Laurence alisema maneno matatu, na hadi leo anasema yale yale matatu. Yule bibi wa Las Vegas alikuwa anasoma kurasa ambazo hakuwahi kurekodiwa akizisoma. Kwa watu wetu jambo hili lina uzito ambao sina hakika wahandisi wanaufahamu. Wasia wa marehemu unawekewa mashahidi. Ukoo mzima hukaa uwanjani, mzee mmoja anasimulia alichoambiwa, mwingine anathibitisha, na ole wake atakayeongeza neno ambalo marehemu hakulitamka. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakiacha kusalimiana kwa miaka kwa sababu ya sentensi moja iliyosemekana ni ya baba. Uaminifu kwa marehemu kwetu huanzia kwenye kutomzushia. Sasa inakuja mashine inayoweza kumfanya mama yangu aseme lolote, kwa sauti yake, kwa lafudhi yake ya Tanga, kwa ile pumzi aliyoivuta kabla ya kusema mwanangu. Ingeweza hata kusema amenisamehe. Kuna jambo nilitaka sana aniambie nimesamehewa, na hakuwahi kupata nafasi. Nikiupakia ule ujumbe wa sauti kwenye programu, neno hilo ningelipata jioni hii hii. Ningekuwa nimelipata kwa nani?

Kwa hiyo naukataa msaada huo, na nasema hivyo nikijua wapo wanaouhitaji na watautumia, na Mungu awape nafuu. Mimi nabaki na upande wa imamu wa Ngamiani.

Wakati huo huo yanatokea mabadiliko mengine ya kimyakimya ambayo hayana mjadala wowote. Ukiingia benki mjini Dar es Salaam unachukua tiketi kwenye kimashine, unakaa, na sauti ya mwanamke inaita namba na kukuelekeza dirisha. Hospitali kubwa zina utaratibu huo huo. Lifti zinasema, mashine za kulipia zinasema, simu zinasema. Kwa muda mrefu nyuma ya kila sauti ya namna hiyo palikuwa na mtu aliyelipwa, akakaa kwenye chumba cha studio chenye joto, akatamka namba moja hadi mia moja, akarudia pale ulimi ulipoteleza, akapanda gari akarudi nyumbani. Sasa sauti nyingi zinaundwa moja kwa moja na akili mnemba, nyororo, hazichoki, na hazikuwahi kuwa na mtu mmoja wa kuelekezewa. Ni rahisi zaidi, na maneno yanabadilishwa bila kumwita msemaji arudi studio. Naelewa. Lakini jukwaa lenye sauti ya namna hiyo hakuna mjane atakayekwenda kuketi hapo. Hakuna aliyekufa ndani yake, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuishi ndani yake pia.

Nawafikiria wale waliokwisha kurekodi. Dada wa hapatikani kwa sasa amewaambia mamilioni ya watu habari ile ile, wengine wakiwa wamesimama nje ya wodi, na wengi wetu hatulijui jina lake. Ana watu wake. Siku Mungu atakapomchukua, mwanawe atapiga simu ya shangazi iliyozimwa, naye atamsikia mama yake akimweleza kwa adabu ajaribu tena baadaye. Sijui kama atakata au atasikiliza hadi mwisho. Najua tu kwamba inamhusu, na kwamba siku mfumo utakapobadilishwa hakuna atakayemwambia.

Laurence alirudi kituoni kwa sababu ya mambo mawili ya kawaida kabisa: rekodi ya zamani ilikuwa bado ipo mahali fulani, na ofisini palikuwa na watu waliokubali kumsikiliza mama mmoja aliyekuja na ombi lisilo kwenye fomu yoyote. Mojawapo lingekosekana, sauti ingepotea. Nina ombi kwa wanaorekodisha sauti za kwetu, iwe ni benki, hospitali, reli au kampuni za simu. Liandikeni jina la msemaji mahali linapoonekana, hata kwenye kibao kidogo karibu na dirisha la tiketi, pamoja na mwaka aliorekodi. Mpeni nakala yake akiwa hai. Mkataba useme rekodi itatunzwa wapi mitambo ikibadilishwa. Na siku ya kuibadilisha, kabla fundi hajaifuta sauti ya zamani, mtu apige simu nyumbani kwa mwenye sauti, aulize kama yupo. Na akiambiwa ametangulia, awape pole waliobaki, kisha awaulize wangependa sauti yake ifanyiwe nini.